Safu ya Nyuma

Jumamosi, saa kumi na moja jioni,
ukumbi wa shule pale Igogo unanuka chaki na miguu.
Madawati yamesukumwa ukutani.
Mimi niko safu ya nyuma kabisa,
mkanda mweupe, kitambi mbele,
kati ya mtoto wa muuza maandazi
na mapacha wawili wasiojua kushoto.

Safu ya pili, binti yangu Nkwimba.
Miaka kumi na mmoja. Mkanda wa kijani.
Kanuni ya hapa haijui baba wala mwana:
mweupe humwinamia kijani, tena kwanza.
Nikainama.
Kiuno kikalia kama bawaba ya stoo.
Naye akaniinamia, uso mkavu,
ila masikio yake yalikuwa yanacheka.

Mwalimu Ndalahwa mchana hutengeneza majokofu.
Hana maneno mengi. Husema, "Simama."
Nilidhani karate ni kuruka, ni kuvunja tofali.
Wiki tatu nilifundishwa kusimama
na kufagia.
"Asiyeweza kusimama," alisema, "atapigaje hatua?"
Akaenda zake kufunga dirisha,
maana wale wadudu wa ziwani, wadogo kama moshi,
walikuwa wameanza kuingia.

Tunahesabu Kijapani. Moja ni ichi. Mbili ni ni.
Hapo mapacha huangua kicheko kila siku:
ni ni nini?
Siku moja mama yangu alikuja kutazama,
akaketi juu ya dawati, miguu ikining'inia,
akahesabu kwa Kisukuma chake, polepole,
ibili, idatu, inne,
na ngumi zetu zikafika wakati uleule.

Sasa niseme kilichonileta.
Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, Mwaloni,
na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu.
Mwaka jana nilimrushia Budeba spana
kwa skrubu moja iliyodondoka majini.
Ikamkosa. Ikagonga jiwe.
Nkwimba alikuwa ameniletea chakula.
Hakulia. Aliweka hotpoti chini taratibu, akasema,
"Baba, sisi hatumpigi mtu ambaye hajajiandaa."

Hasira hasara: niliijua tangu darasa la pili,
niliiandika mara ishirini kwa mwandiko mzuri.
Mkono haukuisoma.

Juzi Budeba kadondosha tena. Plagi, mpya, ya bei.
Ichi.
Ni.
Sikufika tatu, mkono ulishakuwa juu.
Nikauona pale angani, kama mkono wa mtu mwingine,
nikaushusha hadi kiunoni, ngumi ikitazama mbinguni,
vile tunavyoanza.
Budeba akadhani namsalimia. Akaitikia.
Tukakunja suruali, tukaingia majini wote wawili,
tukaitafuta kwa vidole vya miguu
mpaka jua likagusa mawe ya upande wa pili.
Hatukuipata.

Sijapona, msinipambe.
Jumanne hiyohiyo nilifoka mezani kwa ajili ya chumvi,
sahani zikaruka.
Mke wangu Kwandu, ambaye hajawahi kuvaa mkanda wowote,
akapuliza ugali wake, akauliza,
"Hiyo ilikuwa ichi, au ulianzia kumi?"
Watoto wakatazama dari.
Nikaenda kuuleta mkebe wa chumvi mwenyewe.

Jumapili tunafua.
Mikanda yetu inakauka juu ya jiwe nyuma ya nyumba, Bugarika,
wa kijani uliopauka kwa jua
na wangu, wenye alama ya grisi isiyotoka
hata kwa sabuni ya mche.
Nkwimba ananifunga kiunoni, anarudi hatua mbili,
anapima kwa jicho moja kama fundi.
"Ncha hazilingani, Baba. Ya kulia imezidi."
Nafungua.
Naanza tena.